Faini na Kufuli kwa Mpangaji Aliyechelewesha Kodi

Swali: Sheikh, assalamu alaykum. Mume wangu amefariki na kuniachia watoto wadogo na nyumba ya vyumba vya kupangisha, ambayo kodi yake ndiyo riziki yetu. Wapangaji wanachelewesha, na mmoja amesema hatalipa mpaka paa linalovuja chumbani mwake litengenezwe. Mtu mmoja anayesomesha dini amenishauri niweke katika mkataba faini ya kila siku ya kuchelewa, na anayekaidi nimfungie chumba kwa kufuli hadi alipe, kwa hoja kwamba Waislamu hufuata masharti yao. Je, yafaa?

Jibu: Wa alaykumu ssalaam dada yangu. Mwenyezi Mungu amrehemu marehemu na akupe subira. Ushauri huu umeenea mno miongoni mwa wenye nyumba, na kinachonisikitisha ni kwamba unavalishwa kanzu ya dini.

Aliyekushauri amenukuu nusu ya hadithi. Katika mapokezi ya Tirmidhi, Mtume (s.a.w.) amesema kwamba Waislamu wako juu ya masharti yao, isipokuwa sharti linaloharamisha halali au kuhalalisha haramu. Nusu iliyoachwa ndiyo inayoihukumu faini hiyo, kwani kodi iliyofika wakati wake bila kulipwa imeshakuwa deni, na kinachoongezwa juu ya deni kwa sababu ya kuchelewa ni riba, ile ile ya zama za Jahiliya ambapo mdai alimwambia mdaiwa alipe au aongeze. Kwamba mpangaji ameridhia na kutia saini si hoja, kwa sababu hata mkopaji wa riba hutia saini. Wala haisaidii kudai kuwa kodi si mkopo: Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu lilipojadili uuzaji kwa mafungu, yaani bei kulipwa kidogo kidogo, mwaka 1990 lilikataza nyongeza kwa mnunuzi aliyechelewa, na bei ya bidhaa nayo si mkopo. Wako wanazuoni waliojuzisha faini inayotolewa yote sadaka, lakini hata kwao haiingii mfukoni mwa mwenye nyumba, na sidhani kama hilo ndilo alilokusudia mshauri wako.

Kufuli ni baya zaidi. Muda wa mkataba ukiwa haujaisha, manufaa ya chumba ni milki ya mpangaji. Imamu Nawawi, mwanachuoni mkubwa wa madhehebu ya Shafi, ameandika kuwa kukabidhi ufunguo ni juu ya mwenye nyumba. Vipi tena yeye huyo huyo aje kuubana mlango, sufuria za mtu na madaftari ya wanawe yakiwa ndani? Na siku utakazomfungia huna kodi ya kumdai, maana umemzuilia kile anachokilipia. Mwenye uwezo anayekaidi ni dhalimu kwa kauli ya Mtume, lakini dawa yake ni kumshtaki kwa kadhi au mahakamani, na kutomwongezea muda mkataba ukiisha. Asiye nacho, Aya ya 280 ya Suratul Baqara imeamuru asubiriwe mpaka apate wepesi. Kwa mikataba ijayo, sharti kodi ilipwe mbele, au udai mdhamini.

Yule wa paa usimhesabu miongoni mwa wakaidi. Ukarabati ni juu yenu wenye nyumba, na mkichelewa ana haki ya kuuvunja mkataba, ingawa hana haki ya kuendelea kukaa bure. Anza na bati lake kabla ya kumdai.

Limebaki jambo ambalo hukuliuliza. Umesema nyumba umeachiwa, lakini hukutaja mirathi. Kwa kuwa marehemu ana watoto, fungu lako ni thumni, yaani moja ya nane, na kilichobaki ni cha watoto na warithi wengine, wakiwemo wazazi wake kama wangali hai. Kodi hufuata mafungu hayo hayo. Kwa hiyo mpangaji akikulilia hali na moyo ukalainika, unaweza kumsamehe katika thumni yako tu. Sehemu ya mayatima husamehi, hata kwa nia ya sadaka, bali utamsubiri. Mwite mjuzi wa mirathi na mashahidi, mafungu yaandikwe, na daftari la kodi lioneshe kila mwezi kilichoingia na cha nani. Gharama ya bati itoke katika kodi ya nyumba nzima kabla ya kugawanywa.

Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.