Minana wawili wa njano Mombasa: tazama jicho kwanza

Ndugu wa Kisauni, umeuliza kama ndege wa njano wanaofuma viota kwenye mnazi wa kwenu na wale wa kwenye matete ya bwawani ni wamoja, ila wamepishana umri. Hapana, ni minana wa aina mbili, na wote ni wenyeji wa pwani yetu. Mmoja wataalamu humwita Ploceus bojeri. Mimi humwita mnana wa minazi. Wa pili ni Ploceus subaureus, mnana dhahabu.

Waliokujibu kabla yangu wamekupeleka kwenye rangi ya manyoya. Mimi nakusihi uanze na jicho. La mnana wa minazi ni kahawia iliyokolea, kwa mbali utasema jeusi. La mnana dhahabu dume ni jekundu lililofifia, likipigwa na jua la asubuhi linaelekea waridi. Ila ujihadhari na wachanga: mnana dhahabu ambaye hajapevuka naye ana jicho la kahawia. Kwa hiyo mchague dume aliyeshughulika kufuma, huyo hana utata.

Halafu kichwa. Dume wa minazi kichwa kimeiva rangi ya chungwa kama embe ngowe, na chungwa hilo huyeyukia kwenye njano ya kifua. Mwenzake ni njano mwili mzima, chungwa limempitia usoni na kooni tu, tena kwa wepesi. Saa sita mchana tofauti hiyo hupotea kabisa kwa ukali wa jua. Nenda mapema, au alasiri.

Majike ndio wagumu. Wote ni njano ya kijani, mgongo una michirizi, na hapo pia mimi hurudi kwenye jicho: la jike wa minazi ni jeusi-jeusi, la mwenzake lina wekundu ndani yake.

Kiota hakitakusaidia. Wote hufuma duara lenye mlango chini, bila mkia. Ukikuta kiota chenye bomba refu linaloning'inia, huyo ni mnana mwingine, Ploceus ocularis. Na mwenye uso mweusi na jicho jekundu ni Ploceus cucullatus, usimchanganye humu.

Mahali panasaidia kidogo: mnana wa minazi hupenda minazi na bustani za ufuoni, mnana dhahabu hupenda matete na maji. Lakini hukaribiana sana. Kwenye mabwawa ya Haller Park, Bamburi, pale palipokuwa machimbo ya kiwanda cha saruji kabla ya kupandwa mivinje kuanzia 1971, ndipo ninapopenda kukaa nikawatazama. Dume huchana ukuti mbichi uzi kwa uzi, huanza na pete moja ya wima, husimama ndani yake na kufuma akijizungusha. Jike akikikataa kiota na majani yakakauka, dume mwenyewe hukibomoa aanze upya. Wazee wenye mashamba hulalamika juu ya makuti yaliyochanwa, na wana haki yao, lakini tafadhali mwambie mzee wako asiviangushe viota kwa upondo wakati mna makinda ndani.

Ukipiga picha, mpige ubavuni, jicho likiwa upande wa jua, kisha uiweke hapa. Ya mgongo peke yake haitatosha, hasa akiwa jike.