Farasi ndiye anayekimbia, au ni picha?

SWALI: Naandika maelezo ya vichezeo vya zamani vya Ulaya, vile vilivyotangulia sinema. Niliandika "picha ya farasi inayokimbia". Mhariri akafuta, akaweka "anayekimbia", eti farasi ni mnyama na wanyama wako ngeli ya A-WA. Nani yuko sahihi?

JIBU: Kanuni ya mhariri haina kasoro, ila hapa ameiwahi. "Anayekimbia" humrudia farasi. "Inayokimbia" huirudia picha. Unaweza kutundika ukutani picha ya farasi anayekimbia, na picha yenyewe isitikisike miaka hamsini.

Sasa chukua zoetropu, aliyoibuni Mwingereza William George Horner mwaka 1834. Ni kama sufuria isiyo na mfuniko, ubavuni imechanwa mianya myembamba iliyosimama wima. Ndani unazungushia utepe wa karatasi wenye michoro, tuseme 12. Katika huu mguu umekunjwa, katika unaofuata umeanza kunyooka. Kila mmoja ni picha ya farasi anayekimbia, na hakuna hata mmoja unaokwenda popote. Zungusha sufuria, chungulia kwa juu: unaona ukungu wa wino tu. Chungulia mwanyani: jicho linaidaka picha moja kufumba na kufumbua, linazibwa, linadaka ya pili, na ubongo unaziunga. Hapo ndipo unapopata picha ya farasi inayokimbia, tena moja, si 12.

Kwa hiyo andika: "Utepe una picha 12 za farasi anayekimbia." Usiandike "wanaokimbia", maana neno farasi halibadiliki katika wingi, na msomaji ataona kundi zima. Hata zile picha maarufu alizopiga Eadweard Muybridge kule California mwaka 1878, kwa kamera zilizopangwa mstari mmoja, ni picha nyingi za farasi anayekimbia.

Si kila kichezeo kinaleta mzozo huu. Kile kisahani cha karatasi kilichovuma London miaka ya 1820 kina ndege upande mmoja na tundu upande wa pili. Ukizisokota nyuzi zake, unaona ndege aliye tunduni, ingawa hakuna aliyemchora humo. Hapo "aliye" inatosha.

Watangazaji wangekushauri useme "picha jongefu", kinyume cha "picha mnato". Mnato naupenda, jongefu nimelikubali shingo upande. Kujongea ni kule kwa "jongea kidogo nami nikae", na farasi anayetimua mbio hajongei. Lakini limeshazoeleka, silipigi vita.

Basi tazama sentensi yako inakaa wapi. Ikiwa ni chini ya mchoro uliochapwa kitabuni, mwachie mhariri "anayekimbia" yake. Ikiwa unaeleza kinachoonekana mwanyani, rudisha yako.