Uliza Fundi: Dima inavuma ukutani na taa inacheza

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi ni mama wa mtoto wa miezi minne, naishi Kihonda, Morogoro. Taa ya chumbani kwetu ni kali mno. Nikiiwasha usiku ninyonyeshe, mtoto anachangamka na halali tena mpaka alfajiri. Mume wangu alipokwenda Dar akanunua dima, ile swichi ya kupunguza mwanga wa taa, huko Kariakoo, kijana mmoja wa mtaani akatufungia mahali pa swichi ya kawaida. Tangu siku hiyo ni mateso. Ukipunguza hadi nusu, taa inacheza. Ukishusha kidogo tena, inazima kabisa, na dima yenyewe inavuma kama nyuki ndani ya ukuta. Balbu ni ya LED, wati 9. Nyuma ya dima pameandikwa 60–400W. Kijana anasema balbu ni feki. Nimeshabadilisha mbili na hali ni ile ile. Je, inaweza kuunguza nyumba? Ni kweli dima inaokoa LUKU? Na hii dima naweza kuihamishia kwenye feni?

JIBU: Marahaba mwanangu, na hongera kwa mtoto.

Umenisaidia sana kwa kuniandikia hizo namba za nyuma. Watu wakisoma 60–400W macho yanakwenda moja kwa moja kwenye 400, wanajiuliza dima itabeba mzigo kiasi gani. Shida yako iko kwenye ile 60. Maana yake dima hiyo inataka taa zisizopungua jumla ya wati 60 ndipo ifanye kazi sawasawa, nawe umeipa wati 9. Hata ukinunua balbu kumi, ukizifunga moja moja hali itabaki hivyo hivyo.

Dima za aina hiyo zilitengenezewa balbu za zamani, zile zenye uzi unaowaka ndani ya kioo. Enzi hizo taa ya chumba ilikuwa wati 60 au 100, basi dima ilikuwa na mzigo wa kutosha. Umeme wetu wa volti 230 hupanda na kushuka kama wimbi, mizunguko 50 kila sekunde, na dima inakata kipande cha kila nusu ya mzunguko. Yaani inazima na kuwasha mara 100 kwa sekunde. Uzi wa balbu ya zamani hauwahi kupoa katikati ya mkato na mkato, kwa hiyo jicho linaona mwanga uliotulia, umepungua tu. LED haina uzi. Kwenye kitako chake kuna saketi ndogo ambayo kazi yake ni kuhakikisha mwanga haubadiliki. Dima ikikata, saketi inajaribu kufidia, na mvutano huo ndio unaouona taa ikicheza. Mzigo ukizidi kuwa mdogo, kile kifaa cha ndani ya dima kinachoruhusu umeme kupita kinashindwa kujishikilia, kinaachia, mnabaki gizani.

Kwa hiyo balbu zako si lazima ziwe feki. Balbu nzuri kabisa inaweza kuwa haikutengenezwa kwa ajili ya dima. Ukienda dukani tafuta kwenye boksi neno «dimmable». Kama halipo, usinunue hata muuzaji akikuapia. Dima nayo iwe ya LED, na ile namba ya kwanza nyuma yake iwe ndogo kuliko wati za balbu yako, mathalani 5. Kisha mwombe muuzaji aviunganishe vyote viwili hapo hapo kaunta, azungushe mpaka chini kabisa huku ukitazama. Mimi huwa sitoki dukani kabla ya hapo, maana nimeshaona dima nzuri na balbu nzuri zisizoelewana.

Sebuleni kwenye taa nyingi, ile namba ya pili nayo ina hesabu yake. Mafundi tunakadiria kwamba dima ya zamani ya wati 400 ihesabiwe kuwa ya wati 40 tu za LED, sehemu moja ya kumi.

Kuhusu kuungua: wati 9 ni mzigo mdogo sana kuichemsha dima. Kinachonitia wasiwasi ni namna ilivyofungwa. Kuna maboksi ya swichi yaliyochimbiwa ukutani yenye kina cha milimita 16 tu, yanatosha swichi ya kawaida. Dima ina mgongo mnene, mara nyingi inataka milimita 25 au 35. Kijana akiona haikai, anaisukuma kwa kiganja na kukaza skrubu. Nyaya zinakunjika, nyingine inabanwa kati ya dima na ukingo wa boksi la chuma, plastiki inachanika polepole. Mwaka jana nilifungua moja ya namna hiyo kwa mteja aliyelalamika kwamba ukuta unanuka. Plastiki ya waya ilikuwa imegeuka kahawia na ngumu kama ganda la karanga, na skrubu ya kukazia waya niliizungusha kwa kucha. Waya uliolegea kwenye skrubu unapata joto hata kama mzigo si mkubwa. Kwa hiyo dima yako ifunguliwe wiki hii, swichi ya zamani irudishwe mpaka mpate dima sahihi.

Kazi hiyo mpe fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji, nawe simama pembeni uangalie. Kwanza azime sakiti breka ya taa. Kuzima dima yenyewe hakutoshi, maana waya wa moto unaoingia kwenye boksi bado una umeme. Achukue testa, aijaribu kwanza mahali anapojua pana umeme, aiguse kwenye boksi, kisha arudi kuijaribu tena pale pa kwanza. Testa iliyokufa haitoi mwanga popote, na imeshawadanganya wengi. Na msifungue swichi kwa sababu tu LUKU imeisha au umeme umekatika. Mwaka 2006, ule wa ukame na mgao, nilikuwa juu ya stuli nafunga swichi jikoni kwa dada yangu, sikuzima breka kwa kuwa mtaa mzima ulikuwa giza. Umeme ulirudi kabla ya saa yake. Nilianguka na stuli, vidole viwili vikakosa hisia hadi kesho yake. LUKU ni hivyo hivyo: wewe unakaza skrubu, mwingine huko nje anaingiza tokeni.

Akifungua, ataona nyaya mbili: nyekundu na nyeusi kama nyumba ni ya zamani, kahawia na bluu kama ni mpya. Rangi isimpe uhakika. Kwenye boksi la swichi ule mweusi au wa bluu mara nyingi si nyutro (waya wa kurudisha umeme), ni moto unaopanda kwenda kwenye taa. Zikiwa tatu, bila kuhesabu ethi (waya wa ardhini), huenda ni swichi ya sehemu mbili, kama zile za ngazi na korido. Hapo dima inafungwa upande mmoja tu, tena iwe ya aina inayokubali hivyo, na upande wa pili unabaki na swichi ya kawaida. Ethi yenyewe, ule waya wa kijani na njano, iunganishwe na boksi la chuma, na uso wa dima kama nao ni wa chuma. Nimewakuta wengi wameukata waya huo na kuutupa kwa sababu «hauna kazi».

Kuna jambo moja zaidi la kumwomba: apime kama swichi imekata moto au nyutro. Kuna nyumba ambazo fundi wa kwanza alipitisha nyutro kwenye swichi. Taa inazima vizuri, lakini holda juu darini inabaki na moto. Siku mume wako anabadilisha balbu, mkono wake unagusa umeme huku swichi imezimwa. Mkikuta hivyo, hilo lirekebishwe kabla hata hamjafikiria dima.

LUKU utaokoa, ila kidogo mno. Balbu ya wati 9 ikiwaka kwa muda wa saa nne kila siku inakula kama uniti moja kwa mwezi mzima. Ukipunguza mwanga nusu, umeokoa kama nusu uniti. Nunua dima kwa ajili ya usingizi wa mtoto.

Feni usiiguse na dima ya taa. Mota itanguruma na kupata joto, na dima itakufa. Feni ina regyuleta yake.

Na kabla hujatoa pesa nyingine: sisi kwa mwanetu wa mwisho tuliweka taa ndogo ya mezani, balbu ya wati 3 ya mwanga wa manjano, sakafuni nyuma ya kichwa cha kitanda. Ilikuwa inamulika ukuta tu. Mama alikuwa anaona mdomo wa mtoto na titi, na mtoto hakuwa na kitu cha kukodolea macho. Ijaribu usiku wa leo, kama una soketi karibu, wakati mnamsubiri fundi.