Randa inachimba ubao badala ya kuulainisha: tatizo ni ubao au randa?

SWALI: Fundi, habari za kazi. Mimi si seremala wa kuajiriwa, natengeneza vitu vya nyumbani siku za mapumziko. Nina randa ya chuma namba 4. Kwenye mbao laini sina shida nayo, lakini sasa nimeanza meza ndogo ya mkangazi na nimekwama. Sehemu moja ya ubao inatoka safi inang'aa, pembeni yake tu nyuzi zinachomoka na kuacha vishimo. Nikigeuza ubao nianzie upande wa pili, vishimo vinahamia pale palipokuwa safi. Kipande kimoja nilikimalizia kwa msasa nikakipaka vanishi, na vanishi ikaviumbua vishimo vyote. Je, ubao ni mbovu, au ninunue randa nyingine?

JIBU: Salama, ndugu yangu. Randa nyingine usinunue, na ubao usiutupe. Hiyo namba 4 ikinolewa na kufungwa inavyotakiwa itaupiga mkangazi wako vizuri kabisa.

Hilo la vishimo kuhama ukigeuza ubao ndilo linalonionyesha tatizo liko wapi. Miti kama mkangazi na mvule mara nyingi haina nyuzi zilizonyooka. Kwa kipindi fulani nyuzi hukua zikizunguka shina kuelekea upande mmoja, kisha hugeuka na kuzunguka kuelekea upande wa pili, tabaka juu ya tabaka. Mti huo ukipasuliwa, uso wa ubao hutoka na michirizi inayopishana, mmoja umefifia, wa pili unang'aa, na ukisogea ukautazama kwa upande mwingine inabadilishana. Watu wanaupendea mkangazi uzuri huo, na ndio huohuo unaokusumbua, kwa sababu kila mchirizi nyuzi zake zimelalia upande wake. Hakuna upande wa kuanzia utakaoifaa michirizi yote kwa pamoja.

Sasa fikiria kinachotokea kwenye makali. Kisu cha randa hakikati tu, kinainua pia. Maranda yanapanda juu ya kisu na kuvuta nyuzi zilizo mbele, na ufa mdogo unayatangulia makali. Nyuzi zikiwa zinapanda kuelekea unakosukuma randa, ufa huo unatokea juu na uso unabaki safi. Zikiwa zinazama, ufa unazifuata chini ya mstari uliotaka kukata, kisha kipande kinavunjika na kung'oka. Hicho ndicho kishimo chako. Kwa hiyo dawa ni kuuzuia ufa usitangulie mbali, na vitu vitatu vinafanya hivyo: makali, unene wa maranda, na chuma cha juu.

Anza na makali, maana kisu butu hakuna marekebisho yatakayokisaidia. Mbao laini zinakuvumilia, mkangazi hautakuvumilia. Noa upande wa mteremko kwa digrii 30 hivi mpaka uhisi ukingo mwembamba wa chuma umejikunja upande wa mgongo. Ili kuuhisi, telezesha kidole kutoka mgongoni kwenda nje ya makali, usikipitishe kamwe kufuata urefu wa makali. Ukingo huo lazima upatikane kutoka kona hadi kona. Pale usipouhisi, makali hayajafika, hata kama mteremko unang'aa namna gani. Ukishaupata, hamia jiwe laini zaidi, laza mgongo wa kisu bapa kabisa juu ya jiwe uuondoe, geuza, rudia, malizia kwenye kipande cha ngozi. Halafu kijaribu kwenye kichwa cha ubao laini, pale ulipokatwa kwa msumeno. Kisu kikali kinaacha uso uliofungana, wenye mng'ao. Kikiacha mistari myeupe au uso uliosagika, rudi kwenye jiwe.

Sasa chuma cha juu, ambacho watu wengi hawakijali kabisa. Ni lile bamba lililofungwa kwa skrubu mgongoni mwa kisu. Wengi wanadhani kazi yake ni kukaza kisu tu au kuyapindisha maranda yatoke mdomoni. Kazi yake kubwa kwenye ubao mkorofi ni kuyapinga maranda mara tu yanapokatwa, kuyasukuma mbele na chini, ili nyuzi zisipate nafasi ya kuinuka na kupasuka mbele ya makali. Lakini kinaifanya kazi hiyo kikiwa karibu sana na makali tu. Nadhani chako kiko milimita moja na nusu au mbili nyuma, na kwa mbao laini hapo panatosha. Kwa mkangazi kisogeze hadi milimita 0.2 au 0.3, yaani kwenye mwanga uone uzi mmoja mwembamba wa chuma unaong'aa kati ya ncha yake na makali. Kaza skrubu nusu, kisogeze kwa kukigusa taratibu, kisha kaza kabisa na utazame tena, kwa sababu skrubu ikikazwa huwa inakisukuma kidogo. Kikivuka makali, umeharibu kunoa kwako kote.

Kabla ya hapo, hakikisha ncha yake inakalia kisu bila upenyo. Vifunge pamoja uvitazame dhidi ya mwanga. Mwanga ukipita popote, maranda yatajibana hapo na randa itaziba baada ya misukumo michache. Sugua upande wa chini wa ncha kwenye jiwe, ukiwa umeushusha mkia wa chuma hicho kidogo chini ya usawa wa jiwe, ili ncha peke yake ndiyo iguse kisu. Sehemu ya mbele ya ncha nayo inoe isimame digrii 50 hivi na uing'arishe, maana maranda yanagonga hapo.

Rudisha kisu, acha mdomo wa randa wazi kiasi, kisha toa maranda membamba kiasi cha kupitisha mwanga. Utajua umepatia kwa kuyaangalia maranda yenyewe. Badala ya kujiviringisha, yatapanda yamenyooka kutoka mdomoni. Yakitoka yamejikunjakunja na randa ikawa nzito mno kusukuma, chuma cha juu kiko karibu kupita kiasi au unakata nene. Randa itakuwa nzito kidogo kuliko ulivyozoea hata ukipatia. Paka mshumaa chini yake, itateleza.

Kama ubao bado ni mnene na una mengi ya kuondoa, usihangaike na maranda membamba tangu mwanzo. Piga randa ukikatiza upana wa ubao. Uso utatoka na manyoyamanyoya, lakini hautachimbika kwa kina, na ukikaribia kipimo unageukia urefu. Angalia tu ukingo wa mwisho usimeguke: uchonge pembe kidogo kwanza.

Wapo mafundi wanaotia mteremko mdogo mgongoni mwa kisu ili kikate kikiwa kimesimama zaidi. Inafanya kazi, ila sikushauri uanze nayo. Ukitaka kurudisha mgongo ulivyokuwa utanoa mpaka uchoke, na chuma cha juu kinakupa matokeo hayohayo bila kuharibu kitu. Kinachofaa zaidi kuwa nacho ni bamba la chuma la kukwangulia, la unene wa milimita 0.8 hivi, kwa ajili ya madoa mawili matatu yatakayogoma karibu na vifundo.

Kuhusu kile kipande cha vanishi: msasa haukushindwa, ulianza na namba laini mno. Kishimo cha nusu milimita hakiondoki mpaka uso wote unaokizunguka ushuke nusu milimita. Namba 180 haifanyi kazi hiyo, inalainisha kingo za kishimo tu, na jicho linadanganyika mpaka vanishi ipite. Kikwangue kwa bamba mpaka vanishi iishe, kipige randa upya, kisha msasa wa 180 na 220 kufuata nyuzi, bila kukandamiza. Kabla ya kupaka tena, zima taa ya juu, weka tochi ilale usawa wa ubao na upitishe kitambaa chenye tapentaini. Kishimo chochote kilichobaki kitatoa kivuli hapohapo, na tapentaini ikikauka unarudi na bamba pale tu palipoonekana.