Kabla ya Kukubali Cheo, Hesabu Saa Zako

Ukipandishwa cheo, wanaokupongeza ni wenzako wa ofisini. Wanaolipa gharama ni waliobaki nyumbani wakikusubiri. Kwa hiyo usikimbilie kusaini. Omba siku mbili, shika kalamu, piga hesabu.

Tuseme uko Dar es Salaam, sekta binafsi, mshahara unaotozwa kodi umeshavuka shilingi 1,000,000 kwa mwezi, na cheo kipya kinakuongezea 300,000. Mchango wa NSSF, asilimia 10, unaondoka na 30,000. Katika 270,000 zinazobaki, kodi ya asilimia 30 inakula 81,000. Mkononi una 189,000. Kama bado unakatwa mkopo wa elimu ya juu, asilimia 15 ya mshahara wa msingi, toa 45,000 nyingine. Umebaki na 144,000. Sasa geukia saa. Kazi ikikutaka ubaki saa 2 zaidi kila siku, kwa siku 22, hizo ni saa 44. Kila saa uliyoikosesha familia imekulipa kama shilingi 3,270, na hapo bado hujatoa nauli ya bodaboda ya usiku wala chipsi za njiani. Huenda cheo bado kinafaa, kwa ujuzi utakaoupata au milango kitakayofungua. Basi kiwekee muda: miezi 12, kisha unahesabu upya. Linaloumiza watu ni kukubali ili tu waitwe mabosi.

Likizo nayo watu wanaichezea. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa siku 28 mfululizo kwa mwaka, sikukuu zinazoangukia humo zikiwamo. Wengi huziacha mpaka Desemba, idara nzima inapoomba kwa pamoja. Andika barua Januari, ukitazama kalenda ya shule za watoto. Kabla ya kuondoka mwachie kaimu wako karatasi moja: kazi zilizo njiani, kila moja imefika wapi, faili liko wapi, apigiwe nani ikikwama. Asipokuwa nayo atakupigia siku ya tatu, na ukishapokea mara moja likizo imekwisha. Tusimlaumu, hakuachiwa kitu.

Sheria hiyo hiyo inaweka saa za kawaida zisizozidi 45 kwa wiki, ingawa wanaosimamia wenzao na kuripoti moja kwa moja kwa uongozi wa juu hawamo katika kifungu hicho. Siku hizi mwizi wa saa ni kundi la WhatsApp la idara. Usijitoe, utaonekana mkaidi. Linyamazishe kuanzia saa 1 usiku, na mkubwa wako umwambie mapema kwamba la dharura akupigie. Wakati wa chakula simu ikae chumba kingine kabisa. Ukiilaza kifudifudi mezani, macho yataifuata tu.

Halafu muda wa nyumbani uandikwe kwenye kalenda ile ile ya vikao, wenye siku na saa. “Nikipata nafasi” haijawahi kumfikisha mtu kwa mama yake kijijini. Anza na mambo mawili, yasizidi. Kikao kikigongana na moja, lihamishie siku inayotajwa kwa jina, Alhamisi au Jumamosi, maana “siku nyingine” haifiki. Na siku hizo usijichagulie peke yako. Muulize mwenzako ni lini hasa anakuhitaji. Unaweza kudhani ni Jumapili, kumbe ni Jumanne, mtoto anaporudi na kazi za hesabu na yeye bado yuko jikoni. Anza na Jumanne.