Kabla hujanunua mapipa, ulizia gari

Wiki iliyopita nilikaa nyuma kabisa ya ukumbi nikimsikiliza mdogo wangu mmoja, hajamaliza hata miezi minne kazini, akiwasilisha andiko la mradi wa kutenganisha taka majumbani. Alikuwa amejiandaa, sauti imetulia, idadi ya kaya anayo kichwani. Alipofika slaidi ya nne, mapipa yakatokea ukutani: la kijani, la bluu, la kijivu. Moyo ukanipasuka. Mapipa hayo nayajua. Niliwahi kuyanunua mimi.

Sikumkatiza mbele ya wakubwa. Lakini huyu ni wa tatu mwaka huu, na nyote ni vijana mnaoipenda kazi ya mazingira ya jiji kwa moyo mmoja, kwa hiyo naandika yote kwa pamoja. Yasomeni kabla andiko la nne halijafika mezani.

1. Ukiiga jiji, iga na malipo yake.

Kila mgeni wa idara yetu huja na picha za majiji ya wenzetu kwenye simu. Mara nyingi ni Curitiba, Brazil, na mabasi yake marefu yanayopita kwenye njia yao peke yao tangu 1974. Picha ni nzuri, ila haioneshi vitu viwili. Kwanza, sheria za ujenzi za jiji zilielekeza majengo marefu yasimame kando ya njia hizo, kwa hiyo abiria wanaishi pale pale. Pili, kampuni za mabasi zikaja kulipwa kwa kilomita zilizotembea badala ya vichwa vya abiria, na dereva akakosa sababu ya kugombea watu vituoni. Ukitaka kujua mradi utaishi au utakufa, tafuta ukurasa unaoeleza nani analipwa kwa lipi. Hapa ndipo nilipoangukia mimi.

2. Soma mkataba wa mzoaji, wote, hadi viambatisho.

Nilikuwa kwenye mwaka wa pili kazini. Mfadhili alikubali kugharamia mtaa mmoja wa majaribio, nami nikakabidhiwa mradi. Tuligawa mapipa mawili kwa kila kaya, moja la taka za kuoza na jingine la taka rejeshi, na kwa wiki tatu tukapita nyumba kwa nyumba kufundisha. Kwenye nyumba moja ya pembeni, mama mmoja mtu mzima alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza swali moja tu: "Na hilo gari la kuchukua, mwanangu, lina sehemu ngapi?"

Nikamjibu, "Hilo limeshapangwa, mama."

Halikuwa limepangwa. Nilidhani mtu mwingine kwenye idara amelishughulikia, na sikuwa nimemuuliza yeyote. Jibu lilinitoka haraka na kwa uhakika, kwa sababu nilikuwa na nyumba kumi na mbili za kumaliza kabla ya jioni.

Wiki ya tano nilipita mtaani alfajiri kupiga picha za taarifa ya robo mwaka. Mama alikuwa mlangoni, akaniita nione kazi yake. Chupa alikuwa amezisuuza. Maboksi ameyakunjua na kuyafunga kwa kamba, fundo zuri juu. Taka za jikoni ziko upande wao, hazina hata kipande cha plastiki. Tukiwa tumesimama pale, gari likaja. Kijana akashuka, akabeba pipa la kwanza akalimimina, akarudi, akabeba la pili akalimimina juu ya lile la kwanza. Chuma cha kushindilia kikashuka. Niliona yale maboksi yakizama kwenye uji wa taka pamoja na kamba yake.

Mama hakugomba. Alisema, "Sawa, mwanangu," akaingia ndani. Wiki iliyofuata pipa la bluu lilikuwa uani kwake, limejaa maji ya kufulia.

Na mimi, badala ya kubeba kosa langu, nilimkimbilia yule kijana. Nikamfokea barabarani, majirani wakitazama. Alinisubiri nimalize. Akasema, "Bosi, tajiri yangu analipwa kwa tani. Nikiacha taka nyuma, mshahara wangu unatoka wapi?"

Usiku huo ndipo nilipoufungua mkataba kwa mara ya kwanza. Kijana alisema kweli tupu. Mkandarasi alilipwa kwa uzito uliosomwa kwenye mizani ya dampo. Kila kilo tuliyoomba watu waitenge tulikuwa tunamnyang'anya yeye mapato, na hakuna kifungu hata kimoja kilichomfidia. Gari lilikuwa na tumbo moja. Mahali pa kupeleka taka rejeshi hapakuwepo. Niliwafundisha mamia ya watu nusu ya kazi, kisha nikamdhalilisha hadharani mtu aliyetoka kwake usiku wa manane kuifanya nusu nyingine kwa masharti ambayo sikujishughulisha kuyasoma.

Nilimfuata gereji baada ya siku mbili nikamwomba radhi mbele ya wenzake. Aliipokea. Mtaa haukuipokea. Tuliporudi pale baada ya miaka mitatu, safari hii na mfumo kamili, watu walitusikiliza kwa adabu na wakakataa kwa adabu. Nyumba ya pembeni haikufungua mlango kabisa. Mradi mbovu haupotezi fedha za mwaka mmoja tu, unakula imani ya mradi utakaokuja, na hilo ndilo linaloniuma hadi leo.

Mlichotakiwa kujua ni kifupi: mkandarasi alipwe kwa kaya alizohudumia ipasavyo, na kama gari ni moja, tenganisheni kwa siku, taka za kuoza siku yake, rejeshi siku yake. Tena msikimbilie jiji zima. Milan ilianza kukusanya taka za jikoni mwaka 2012 kwenye robo moja ya jiji, ikaongeza robo baada ya robo, na kufikia 2014 ikawa imeenea kote.

3. Msihesabu miche, hesabuni miti.

Siku ya kupanda huwa na kamera na fulana mpya. Mwezi wa pili wa kiangazi hakuna mtu. Freetown, Sierra Leone, jiji lililoshuhudia maporomoko ya udongo ya Agosti 2017 yaliyoua mamia ya watu, lilipojiwekea lengo la miti milioni moja liliamua kuwalipa wakazi wanaoitunza: mtu anarudi kwenye mche wake, anaupiga picha, anauingiza kwenye programu ya simu, anapata malipo kidogo. Kwa maana hiyo utunzaji umekuwa na mwenyewe na bajeti. Nimesoma maandiko matano ya upandaji mwaka huu. Maji ya miaka mitatu ya mwanzo yametajwa kwenye moja.

4. Lengo lenye tarehe lina mguu mmoja nje ya jiji.

Copenhagen ilitangaza mwaka 2012 kwamba ifikapo 2025 itakuwa haiongezi hewa ukaa. Ilipiga hatua kubwa. Mwaka 2022 ikakiri haitafika, kwa sababu hesabu ilitegemea mtambo wa kunasa hewa ukaa kwenye kiwanda cha kuchoma taka, na fedha za serikali kuu za mtambo huo hazikupatikana. Siwalaumu, na kukiri hadharani nawaheshimu. Ninyi, kabla ya kuandika mwaka wowote kwenye jalada, orodhesheni mambo yaliyo chini ya saini ya meya na yale yanayosubiri saini ya mtu mwingine. Kisha muige Oslo, ambayo tangu bajeti ya 2017 huweka hesabu ya hewa ukaa pamoja na hesabu ya fedha, kila idara ikijua fungu lake.

5. Watu huamini wanachokiona langoni kwao.

Mama wa nyumba ya pembeni alinifundisha upande mchungu wa jambo hili. Upande mtamu upo Stockholm. Wengi walipinga tozo ya magari kuingia katikati ya jiji. Badala ya kubishana, jiji likaijaribu kuanzia Januari hadi Julai 2006. Magari yakapungua kwa karibu asilimia 20, tofauti iliyoonekana kwa macho. Septemba wakapiga kura ya maoni, wakazi wa jiji wakasema ndiyo, na mwaka 2007 tozo ikawa ya kudumu. Vipeperushi tunavyovichapa kila mwaka havijawahi kufanya kazi hiyo.

6. Mengine, kwa haraka.

Pimeni taka kabla ya mradi kuanza, la sivyo hamtakuwa na mwaka wa msingi wa kulinganishia. Waokota taka wa dampo wawe kwenye kikao cha kwanza, maana riziki yao ndiyo mnayoipanga. Msikubali tarehe ya uzinduzi kabla ya kuona fungu la uendeshaji la mwaka wa pili. Mkiulizwa swali msilolijua jibu, semeni "nitakuletea jibu Alhamisi", na Alhamisi mwende.

Kuhusu andiko la wiki iliyopita: mdogo wangu, ni zuri, na mapipa yabaki. Ila kesho gari la kwanza linatoka gereji saa kumi na moja alfajiri. Nimeshaongea na dereva, mbele kuna nafasi mbili. Vaa viatu vya kufunika, uje na nakala ya mkataba.