Kabla ya kumwonyesha mtoto filamu ya seli, uliza picha ilipatikanaje

Miaka kadhaa iliyopita niliwapa wanafunzi wangu wa kidato cha pili jaribio fupi, siku mbili baada ya kuwaonyesha filamu ya makala kuhusu seli. Mmoja wao, msichana makini ambaye hukosa maswali machache sana, aliandika kwamba kiini cha seli ni kitu cha zambarau kinachong'aa. Nilipoendelea kusahihisha nikaikuta zambarau hiyo hiyo katika karatasi nyingine tisa. Filamu yenyewe ilikuwa nzuri. Kosa lilikuwa kwamba niliiwasha kwenye projekta nikaiacha iende dakika 50 bila kusema neno, nikiamini kwamba picha zitafundisha zenyewe. Zilifundisha kweli, lakini zilifundisha rangi ambayo mchoraji aliichagua ili sehemu moja itofautiane na nyingine.

Tangu hapo nimebadili namna ninavyozitumia filamu hizi, na ninawaandikia walimu wenzangu wa bayolojia pamoja na wazazi wanaotazama na watoto wao nyumbani. Ushauri wangu mkubwa ni mmoja: kila picha inapopita, mtoto aulizwe ilipatikanaje. Je, ilipigwa kwa kamera kupitia hadubini, au ilichorwa kwa kompyuta? Na kama ilipigwa, seli ilikuwa hai au ilikwisha kufa?

Siku hizi sianzi na filamu mpya. Naanza na kipande kifupi cha zamani ambacho David Rogers wa Chuo Kikuu cha Vanderbilt, Marekani, alikirekodi katika miaka ya 1950 kwa filamu ya milimita 16. Kinaonyesha seli nyeupe ya damu ikimfukuza bakteria katikati ya seli nyekundu. Hakina rangi wala mapambo, lakini seli ile inajikunja, inapenya, inabadili mwelekeo kila bakteria anaposogea, mpaka inammeza. Darasa hunyamaza kimya. Nawaambia kwamba hiki ni kitu kilichotokea kweli mbele ya kioo cha hadubini, kisha tunazitumia zile seli nyekundu kama rula: kila moja ina upana wa mikromita 7 hadi 8 (mikromita ni sehemu moja ya elfu ya milimita), kwa hiyo zinahitajika seli kama 130 zilizopangwa mstari mmoja ili zijaze milimita moja. Kwa kipimo hicho mtoto hukadiria mwenyewe ukubwa wa bakteria, na makadirio yake hayawi mbali na ukweli.

Baada ya hapo ndipo naeleza kwa nini kamera haiwezi kufika kila mahali. Mwaka 1873 mwanafizikia Mjerumani Ernst Abbe alionyesha kwamba hadubini ya kawaida ya mwanga haiwezi kutenganisha vitu vilivyokaribiana kupita takriban nusu ya urefu wa wimbi la mwanga, yaani kama nanometa 200 (nanometa ni sehemu moja ya elfu ya mikromita). Ribosomu, kijisehemu cha seli kinachotengeneza protini, ina upana wa nanometa 25 hivi, kwa hiyo filamu inayokuonyesha ribosomu ikifanya kazi ndani ya seli, imeng'aa na ina kona zake zote, imekuonyesha mchoro. Hadubini ya elektroni, iliyoanza na kazi ya Max Knoll na Ernst Ruska mjini Berlin mwaka 1931, inaona vitu vidogo kuliko hivyo, ila kwa kawaida sampuli huwekwa ndani ya ombwe, yaani nafasi isiyo na hewa, ikiwa imekwisha kukaushwa au kugandishwa, na picha hutoka nyeusi na nyeupe kwa sababu elektroni hazibebi rangi. Kila rangi unayoiona katika picha hizo iliongezwa baadaye na mtu.

Sisemi kwamba michoro ya kompyuta ni uongo. Mchoro mzuri hutegemea vipimo vya miaka mingi, na kuna mambo ambayo singeweza kuyafundisha bila hiyo. Mfano wake ni filamu fupi iliyotengenezwa mwaka 2006 kwa ajili ya wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Harvard, ambamo protini iitwayo kinesini inatembea juu ya uzi mwembamba kwa miguu miwili, ikivuta mzigo mkubwa kuliko yenyewe. Hatua za kinesini zimepimwa, na kila moja ni nanometa 8. Walichokiondoa wachoraji ni msongamano. Ndani ya seli halisi kinesini hupigwapigwa bila kukoma na molekuli za maji na kuzungukwa na protini nyingine kila upande, lakini mchoraji akizichora zote hutaona chochote. Kwa hiyo naisimamisha picha hapo na kuwaomba wanafunzi wachore kwenye daftari kile ambacho filamu imekiacha. Zoezi hilo huchukua dakika 10, na sijapata zoezi jingine linalowafikirisha zaidi kuhusu seli.

Filamu za ubongo zinahitaji uangalizi wa karibu zaidi, kwa sababu mtoto hutoka nazo akiwa amejihukumu. Niliwahi kuwa na kijana aliyeacha kujitahidi katika hisabati baada ya kutazama video iliyomwaminisha kwamba yeye ni mtu wa "ubongo wa kulia", yaani wa sanaa na si wa hesabu, ilhali pande zote mbili za ubongo hushirikiana katika hisabati kama zinavyoshirikiana katika muziki. Ukiona sehemu ya ubongo ikiwaka rangi nyekundu kwenye filamu, mweleze mtoto kwamba mashine ya MRI, inayopima ndani ya mwili kwa sumaku, haikupiga picha ya wazo. Ilipima mabadiliko ya oksijeni katika damu, ambayo hufuata kazi ya neva kwa kuchelewa sekunde kadhaa, kisha kompyuta ikapaka rangi mahali ambapo tofauti ilizidi kiwango fulani, huku ubongo mzima ukiendelea kufanya kazi. Na msimulizi akisema kwamba binadamu hutumia asilimia 10 tu ya ubongo wake, mimi siionyeshi kabisa filamu hiyo. Kiungo chenye uzito wa kilo 1.4 hivi kinachotumia takriban asilimia 20 ya nishati ya mwili uliopumzika hakiwezi kuwa kimelala kwa sehemu kubwa.

Kuhusu lugha nitasema kwa ufupi. Filamu nyingi zina msimulizi wa Kiingereza anayekwenda mbio. Mimi huchagua kipande cha dakika nne, nazima sauti na kukisimulia mwenyewe kwa Kiswahili, kisha tunakirudia na sauti yake, kwa kuwa mtihani wa sekondari unawasubiri kwa Kiingereza. Kipande kifupi pia hakimalizi bando.

Filamu ninayoithamini kuliko zote ni ile ya taasisi ya utafiti wa tiba ya Howard Hughes ya Marekani inayomhusu daktari Anthony Allison, aliyekulia Kenya. Mwaka 1949 alichukua sampuli za damu za watu wa sehemu mbalimbali za Kenya, akaona kwamba vinasaba vya selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, vilikuwa vingi Pwani na karibu na Ziwa Victoria, na vichache sana nyanda za juu zenye baridi. Mwaka 1954 akachapisha ushahidi kwamba wenye kinasaba kimoja cha selimundu wana kinga fulani dhidi ya malaria. Humo mna watu, ramani, damu iliyo chini ya hadubini, na swali ambalo mwanafunzi wetu anaweza kulifuata hatua kwa hatua katika nchi anayoijua.

Hata hiyo siiachi iende peke yake. Mara ya kwanza nilipoionyesha, mwanafunzi mmoja alibaki baada ya kipindi akaniambia, "Mwalimu, kumbe mdogo wangu hawezi kuugua malaria." Mdogo wake ana selimundu. Nilikaa naye na karatasi, nikamchorea wazazi wawili wenye AS, yaani kinasaba kimoja cha kawaida na kimoja cha selimundu, nikamwonyesha kwamba katika kila ujauzito kuna uwezekano wa robo mtoto awe SS, yaani apate vinasaba viwili vya selimundu na kuugua kama mdogo wake. Nikamweleza kwamba kinga inayozungumzwa ni ya mwenye AS, na kwamba mtoto mwenye SS akipata malaria huwa hatarini kuliko wengine, kwa hiyo chandarua na dawa za kinga alizoandikiwa kliniki visikosekane hata siku moja. Sasa, kila filamu inapofika kwenye ramani ile, naisimamisha, nawasha taa, na kulieleza jambo hilo ubaoni kabla hatujaendelea.